Simu ya Ofisi Iwe Mali ya Ofisi



Wanachama wa ofisi ndogo za Mtunda na kata jirani katika Wilaya ya Kibiti wametuletea swali ambalo twaona lastahili kujibiwa mbele ya wote. Swali lenyewe ni hili: ofisi yenye vyumba vitatu au vinne na makarani wapatao sita, ikibahatika kupata fedha kidogo ya vyombo vya simu, inunue vyombo gani?

Swali hili laonekana dogo, lakini si dogo. Katika ofisi nyingi za namna hii simu ya ofisi haipo kabisa. Ipo simu ya karani. Namba iliyobandikwa mlangoni ni namba yake mwenyewe. Muda wa maongezi hununuliwa kwa mshahara wake. Na mwananchi mwenye shida humwita usiku akiwa amelala na watoto wake. Hata hayo karani huyavumilia. Lakini siku moja barua ya uhamisho huja, naye huondoka na simu yake mfukoni. Tangu siku hiyo watu wa vijiji vyote hupiga namba ile ile waliyoizoea, na anayeitika yu Mtwara au Kigoma, wala hana mamlaka tena juu ya shauri lao. Ofisi imebaki, bendera yapepea, lakini haina sikio.

Wako watakaosema kwamba simu za mkononi zatosha, na kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni kweli kwa jembe, kwa maana jembe lo lote lenye mpini litalima. Simu si jembe. Simu ni njia, na njia isiyofika si njia.

Nchi yetu hii ya delta yajua jambo hilo tangu zamani. Mwezi wa Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha ndani ya mikoko ya Rufiji, merikebu mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kuipiga. Mizinga walikuwa nayo, walakini mabaharia hawakuweza kuiona shabaha yao. Eropleni iliruka juu, na kwa simu ya upepo ikawaambia kila kombora limeanguka wapi. Siku ya tarehe 6 hawakufaulu. Tarehe 11 Königsberg iliangamizwa. Chombo kikubwa bila habari ni kama kipofu, na ndivyo ilivyo ofisi pia.

Ya karibu zaidi twayakumbuka sote. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na nyumba. Na mapema mwezi wa Mei mwaka ule ule Kimbunga Hidaya kikaifikia pwani yetu. Katika siku kama hizo mtu aliyezungukwa na maji hana nafasi ya kutafuta namba mpya ya karani mpya. Yampasa awe nayo kichwani namba moja, isiyobadilika, na aipigapo aitikiwe. Basi tukichagua vyombo vya simu, tumkumbuke mtu huyo kwanza, kabla ya kutazama vitabu vya wauza vyombo vyenye picha za kupendeza.

Twashauri uchaguzi ufuate taratibu hii: kwanza namba, pili idadi ya laini, tatu umeme, na mwisho ndipo mtambo. Wengi huanza na mtambo, kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda.

Juu ya namba. Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, wala si kwa jina la mtu. Asiyefanya hivyo, hata akinunua mtambo wa mamilioni, ataendelea kuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, kwa maana mwenye jina ndiye mwenye laini. Namba hiyo iandikwe katika barua za ofisi, katika mihuri, katika mbao za matangazo za vijiji, na isibadilishwe kwa sababu ya upungufu wa bei wa kampuni moja mwezi mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Juu ya idadi ya laini. Hapa watu hubahatisha, na hakuna haja ya kubahatisha, kwani hesabu ipo tangu mwaka 1917. Aliyeitoa ni Agner Krarup Erlang, Mdenmarki, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Tuseme katika saa yenye shughuli nyingi watu 12 huipigia ofisi, na kila mazungumzo huchukua dakika 3. Jumla ni dakika 36 katika dakika 60. Mtu atasema laini moja yatosha na kubaki. Lakini watu hawapigi kwa zamu, hupiga wapendapo. Kwa hesabu ya Erlang, ofisi yenye laini moja itawakosa watu wapatao 38 katika kila 100 wanaopiga saa hiyo. Ikiwa na laini mbili, itawakosa kama 10. Ikiwa na tatu, itawakosa 2 tu. Basi ofisi ya makarani sita haihitaji laini nane, wala isijidanganye kwa laini moja. Mbili ni za lazima, tatu ni za kutosha. Kila ofisi na ihesabu simu zake kwa juma moja katika daftari, ndipo itajua idadi yake yenyewe.

Laini zikiwa mbili au tatu, mwananchi asitakiwe kukariri namba zote. Iwe moja tu ya kutangazwa, na mtandao uamriwe kuhamishia simu kwenye laini ya pili kila ya kwanza inapotumika. Huduma hiyo ni ya kawaida katika mitandao ya simu za mkononi. Tukumbuke tu kwamba simu iliyohamishwa hutozwa kwa laini iliyohamisha, kwa hiyo fungu la muda wa maongezi liingizwe katika bajeti ya ofisi. Na ikiwa minara ya kampuni mbili yafika mahali penu, laini ya akiba iwe ya kampuni ya pili, ili mnara mmoja ukizimika ofisi iwe na njia nyingine ya kutoa habari na kupiga nje.

Juu ya umeme. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tumeona vyombo vizuri vimekaa kimya kwa sababu umeme umekatika, au vimeungua kwa radi ya masika ya kwanza. Hesabu ya betri ni nyepesi, kila karani aweza kuifanya. Tuseme eksichenji yala wati 10, swichi ya mtandao 10, ruta 10, kisanduku cha laini 10, na simu tano za mezani wati 4 kila moja, yaani 20. Jumla ni wati 60. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ikinyonywa zaidi ya nusu huzeeka upesi, kwa hiyo tuhesabu 600. Gawanya kwa 60, utapata saa 10. Toa kinachopotea njiani, zabaki kama saa 8, ambazo ni siku nzima ya kazi. Penye sola, betri hiyo itajazwa na jua. Pasipo na sola, itajazwa na umeme wa TANESCO uwapo.

Ili betri moja ilishe vyombo vyote, inunuliwe swichi ile ipelekayo umeme ndani ya waya ule ule wa mtandao. Hapo simu za mezani hazihitaji kuchomekwa ukutani kila moja kwa peke yake, na waya waweza kufika mita 100. Umeme ukikatika, simu zote huendelea kuishi kwa betri iliyo chumba kimoja.

Radi huingia kwa milango: waya wa umeme, waya wa antena, na waya wo wote wa shaba utokao jengo moja kwenda jingine. Kila mlango uwekewe kinga, na kinga zote zifungwe kwenye waya wa ardhini uliozikwa vizuri na fundi ajuaye kazi yake. Kinga isiyofungwa ardhini ni hirizi tu. Majengo mawili yasiunganishwe kwa waya wa shaba wa mtandao, bali kwa redio ndogo za kuelekezana au kwa waya wa kioo. Na vyombo visiwekwe sakafuni. Wakulima wetu wa mpunga hujenga dungu juu ya miti, wakilinda shamba bila kuogopa maji. Vyombo vya simu navyo viwekwe juu ukutani, ndani ya kabati lenye matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu, kwa ajili ya mafuriko, unyevu na sisimizi.

Sasa twaweza kuuzungumza mtambo. Njia ziko nne.

Ya kwanza ni simu ya mezani yenye kadi ya laini ndani. Haina eksichenji, haina waya wa nje, ina betri yake ndogo, na karani ye yote aweza kuitumia siku ile ile. Ofisi ya mtendaji wa kijiji, au zahanati yenye watu wawili, isitafute kingine. Hiyo yatosha, mradi laini ni ya ofisi.

Ya pili ni eksichenji ndogo ya waya, ile ya zamani, yenye laini tatu za nje na simu nane za ndani, au idadi iliyo karibu na hiyo. Ni chombo kigumu, simu zake ni rahisi, na nyingi zimefanya kazi miaka mingi bila kulalamika. Lakini yataka laini za shaba kutoka nje, nazo katika sehemu nyingi za delta hazipo. Na dunia inaziacha. Uingereza, kampuni ya BT ilitangaza kwamba itazima mtandao wake wa simu wa zamani ifikapo Januari 2027. Kampuni ya Panasonic ya Japani, ambayo eksichenji zake zimejaa katika maofisi, mwaka 2022 ilitangaza kuiacha biashara hiyo. Mwenye nayo asiitupe. Aitumie hata ife. Lakini asiye nayo asianze nayo leo.

Ya tatu ni kukodi eksichenji iliyo mbali, ofisi ikabaki na simu za mezani na intaneti tu. Wauzaji huisifu sana, na mjini ina faida zake. Kwetu ina ila moja kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo eksichenji yake iko ng'ambo, siku kama hiyo haiwezi hata kumwita karani wa chumba cha pili. Kibiti iwe na kichwa chake Kibiti.

Ya nne, ambayo twaipendekeza kwa ofisi ya makarani sita, ni eksichenji ndogo ya kompyuta iliyowekwa ndani ya ofisi yenyewe, pamoja na kisanduku chenye nafasi za kadi za laini mbili hadi nne kinachoiunganisha na minara ya simu za mkononi. Simu kati ya vyumba hupita ndani ya jengo bila malipo wala intaneti. Simu za nje hupita kwa kadi za laini. Intaneti ikiwapo yaweza kusaidia kuunganisha na makao makuu ya wilaya; mazungumzo mamoja hutaka kilobiti zipatazo 90 kwa sekunde kila upande, au karibu 30 yakibanwa, hivyo hata intaneti ya wastani yaweza kuyabeba. Simu mbili au tatu za zamani mlizo nazo zisitupwe; adapta ndogo yaweza kuziunganisha.

Katika kununua mtambo huu yashikwe mambo manne.

La kwanza, eksichenji na simu zake zifuate kanuni ya wazi iitwayo SIP, iliyotolewa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002. Chombo kifuatacho kanuni hiyo huelewana na chombo cha kampuni nyingine. Chombo kisichoifuata hukufunga kwa muuzaji mmoja, na siku akifunga duka, nawe umefungwa. Programu ya Asterisk, aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, yapatikana bila malipo, nayo yaweza kukaa ndani ya kompyuta ndogo isiyozidi kiganja cha mkono. Walakini bure yake ni ya programu, si ya fundi. Pasipo fundi wa karibu wa kuijua, afadhali kununua kisanduku kilichokwisha kutayarishwa kiwandani.

La pili, kisanduku cha laini kiweze kupitisha sauti kwa mtandao wa 4G, si 2G na 3G peke yake. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 3G mwezi wa Februari 2022, na nchi nyingine zafuata. Chombo cha bei nafuu chenye 2G tu ni chombo kinachozeeka kabla ya kufunguliwa katika boksi. Rahisi huvunja upishi.

La tatu, vyombo viwe vimethibitishwa na TCRA, na ununuzi ufuate taratibu za manunuzi na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kampuni ya simu ielezwe kwa barua kwamba laini zake zitatumika katika kisanduku cha ofisi. Wako waovu watumiao visanduku vya namna hii kupitisha simu za nje ya nchi kwa mlango wa nyuma, nalo ni kosa la jinai. Mtumishi mwaminifu hana la kuficha, basi na asiache nafasi ya kushukiwa.

La nne, tumuulize muuzaji swali moja kabla ya kumlipa: kikiharibika, kitatengenezwa wapi na kwa siku ngapi? Akijibu kwamba lazima kipelekwe ng'ambo, amekwisha kujibu. Na kwa kila chombo ambacho kikifa huiua simu yote, kama vile swichi na chaja ya betri, kiwepo kingine kabatini. Fedha isipotosha vyote, ipunguzwe idadi ya simu za mezani, isipunguzwe akiba wala waya wa ardhini.

Baada ya hayo yote lasalia jambo ambalo halinunuliwi dukani. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha mjini Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, karani alihesabiwa kuwa mwema kwa namna alivyokabidhi faili na funguo, hata anayemfuata aweze kuanza kazi asubuhi ile ile. Simu ya ofisi ihesabiwe hivyo hivyo. Katika hati ya makabidhiano ziandikwe namba za laini, idadi ya vyombo, jina la kampuni iliyoviuza, na mchoro wa nyaya. Maneno ya siri ya mtambo yawekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya ofisi, yasikae kichwani mwa mtu mmoja. Na yale yaliyokuja na chombo kutoka kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza, maana wezi wa ulimwengu mzima huyajua.

Lakini mtambo wenyewe hauitiki. Mtu ndiye huitika. Iwekwe zamu, na zamu hiyo ilipwe. Hatuoni haki mtumishi kushika simu ya ofisi usiku wa mafuriko kwa hisani tu, kama alivyokuwa akishika yake. Ofisi ikishapata laini yake, namba binafsi za makarani ziondolewe mbaoni, nao waachiwe usiku wao, isipokuwa aliye wa zamu.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wa Mtunda, na wa kila ofisi ndogo ilio katika hali kama yao, wapeleke maombi yao ya bajeti yakiwa na mafungu manne, si moja: laini na muda wa maongezi, umeme na kinga ya radi, mtambo na akiba yake, na malipo ya zamu. Anayeomba mtambo peke yake ataupata mtambo peke yake. Na wanachama walioko katika ofisi kubwa za wilaya, maombi hayo yakiwafikia mezani, wasikate mafungu matatu wakaacha moja kwa kudhani wamebana matumizi, maana watakuwa wamenunua sanduku la kupamba ukuta.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashua ipitayo salama kutoka Nyamisati kwenda Mafia haikupita kwa bahati. Aliyeiunda alichagua kila ubao. Na sisi tuchague hivyo, ili mtu wa kijijini, maji yakimfikia mlangoni, apige namba anayoijua, naye aitikiwe na mtumishi wa ofisi, awe nani awaye.

Mhariri